Muulize Fundi: Tairi Gani Uingie Nayo Treki Kukiwa na Baridi

Mwezi huu barua karibu zote ni za baridi kwenye treki, yaani uwanja wa mbio za pikipiki. Kuna walioanguka, kuna wanaoogopa kuanguka, kuna waliopewa ushauri na marafiki halafu wakashtuka wakaamua kuuliza kwanza, na hao wa mwisho ndo nawapenda. Barua ndefu nimezipunguza, mnisamehe.

Fundi habari za kazi. Nina pikipiki ya spoti 600, nimeendesha barabarani miaka minne na treki nimeingia mara tatu, zote kukiwa na joto zuri. Sasa nimejiandikisha siku ya treki ambayo asubuhi inaweza kuwa digrii 4 au 5, mchana ikijitahidi sana 11. Rafiki yangu ana seti ya sliki, zile tairi za mbio zisizo na mistari, zimetumika nusu anataka kuniachia bure, anasema hakuna tairi nimewahi kupanda inayoshika kama hizo. Kwa sasa nimefunga tairi za Diablo Rosso IV, bado nzima. Blanketi za kupasha tairi sina. Nifunge sliki au nibaki na hizi? – Mwenye 600

Baki na hizo ulizonazo, sliki mrudishie mwenyewe na umshukuru sana. Najua cha bure kitamu lakini hiki kitakutua kwenye kokoto.

Rafiki yako hajakudanganya, sliki ikishapata moto wake hakuna tairi ya barabarani inayoifikia. Shida iko hapo kwenye kupata moto wake. Raba inashika lami kwa kulainika, ikilainika inaingia kwenye vile vijiwe vidogo vidogo vya lami inang'ang'ania, na kila kompaundi, yaani mchanganyiko wa raba, imepikwa ilainike kwenye joto fulani. Sliki za mbio zimepikwa kwa joto kali, ndo maana ukipita piti, pale pikipiki zinapoandaliwa, siku ya mashindano unakuta pikipiki zimepandishwa stendi zimevishwa blanketi za umeme, digrii 80 au 90, na zinakaa hivyo karibu saa nzima maana kinachotakiwa kupata moto siyo ngozi ya juu tu, ni tairi yote mpaka rimu. Raida wa pale anatoka na joto mkononi, kazi yake kulitunza. We unataka utoke na tairi ya digrii 5 afu hizo 75 zilizobaki uzitafute mwenyewe huko mbele, na mtego wenyewe uko hapo: ili sliki ipate moto lazima uibane kweli kweli, breki nzito, mafuta mengi, kona kali, na ili uibane hivyo lazima iwe inashika, na haishiki kwa sababu haina moto. Raida wa mbio anaweza kuchomoka kwenye huo mduara kwa kasi yake. Mi na wewe tunabaki ndani yake mpaka tunajikuta tumekaa chini tunaitazama pikipiki ikiserereka kwenda zake.

Halafu umesema zimetumika nusu. Raba ikishakuwa nyembamba haitunzi joto, na tairi za mbio kila zikipashwa na kupoa, zikipashwa na kupoa, zinakakamaa kidogo kidogo, kwa hiyo ule unata anaousifia rafiki yako sehemu yake kubwa imeshabaki kwenye lami za watu.

Sasa njoo kwenye Rosso IV yako. Hii iko ukoo mmoja na Michelin Power 5, Bridgestone S22, Metzeler Sportec M9 RR na Continental SportAttack 4, yaani tairi za spoti za barabarani ambazo mtengenezaji anajua kabisa mwenye nayo atatoka nyumbani asubuhi ya baridi na kwenye kona ya kwanza anataka ishike. Ndani ya raba yake kuna silika nyingi, aina ya unga wa madini, na silika inaisaidia raba ibaki laini kwenye baridi na kwenye maji. Na ile mistari siyo ya kutoa maji tu kama watu wanavyodhani. Vile vipande vya raba vilivyo katikati ya mistari vinachezacheza kila vikikanyaga lami, na huo mchezo unazalisha joto. Kwetu ukisema tairi kipara watu wanaelewa tairi imekufa, sliki yenyewe imezaliwa kipara, na kwenye joto huo upara ndo nguvu yake, lakini kwenye baridi ule mchezo wa vipande haupo.

Kwa hiyo kipimo changu cha tairi ya baridi ni kimoja tu na nitakirudia mpaka mnichoke: usiulize ipi inashika zaidi, uliza ipi naweza kuipasha moto mimi, kwa kasi yangu, siku hiyo. Juu ya ukoo wako kuna Supercorsa SP, Michelin Power Cup 2, Racetec RR na wenzao, hizo zinaruhusiwa barabarani lakini moyo wake uko treki. Zinavumilia baridi kuliko sliki, ila zinataka mtu wa kuzisukuma, na kama zamu yako ni ya kundi la wanaoanza au la kati, asubuhi ya digrii 5 hutazifikisha. Chini yako kuna zile za masafa, Michelin Road 6, Pirelli Angel GT II, Dunlop RoadSmart IV. Watu wanazicheka piti, na kwenye joto wanacheka kwa haki kwa sababu ukizibana sana zinazidiwa moto zinaanza kuteleza kama sabuni. Lakini kwenye digrii 5 na lami ina unyevunyevu nimeshaona mwenye Road 6 anawapita wenye tairi za mbio mmoja mmoja, kwa nje ya kona, na wao wamekakamaa juu ya pikipiki kama wamebeba mayai.

Nilivyojifunza mimi si kwa kusoma. Miaka ya nyuma niliazima rimu zenye sliki kwa jamaa, asubuhi kama hiyo yako, bila blanketi, nikajiambia raundi mbili za taratibu zinatosha. Raundi ya pili, baada ya sehemu ndefu iliyonyooka, nikaingia kona ya kushoto kwa mwendo ambao hata mama yangu asingeniambia punguza, breki nimeshaiachia, na tairi ya mbele ikakimbia tu. Hakuna onyo wala kutikisika, usukani ulifunga na nikawa chini. Nilipoinua pikipiki nikavua glavu nikashika ile tairi. Katikati ilikuwa na uvuguvugu kidogo, bega la kulia, yaani upande wa tairi unaokanyaga lami pikipiki ikilala, vilevile, bega la kushoto lilikuwa baridi kama glasi iliyotoka kwenye friji na bado linang'aa kama nimelinunua jana. Hilo bega ndo nilikuwa nimelilalia.

Ukiwa na Rosso zako bado raundi tatu za kwanza ni za kuipasha tairi, usizihesabu kwenye raha. Shika breki pikipiki ikiwa wima, na ongeza mafuta pikipiki ikiwa wima, laini lakini kwa uzito, na kwenye kona toa mwili wako nje mapema ili pikipiki yenyewe isilale sana. Na kama zamu ya kwanza kabisa ya asubuhi kuna barafu nyembamba au ukungu umelala kwenye lami, kunywa chai, subiri. Jua likipiga lami nyeusi kwa muda wa saa mbili tatu inaweza kuwa na joto kuliko hewa kwa digrii kadhaa, ila angalia sehemu zenye kivuli cha miti au daraja, hapo asubuhi inabaki mpaka mchana.

Fundi shikamoo. Nimechanganyikiwa na upepo. Mmoja ananiambia kwenye baridi shusha sana ili tairi ipate moto, mwingine anasema ongeza kwa sababu upepo haupandi kukiwa na baridi. Nina Power 5, 120/70 mbele na 180/55 nyuma. – Mtu wa Geji

Marahaba. Wote wawili wana hoja, ndo maana umechanganyikiwa.

Wa kwanza anasema hivi: ukishusha upepo tairi inajikunja zaidi ikizunguka, na kujikunja kunaleta joto, pia sehemu inayokanyaga lami inakuwa pana. Kweli. Wa pili anasema upepo wa mwisho, ule wa tairi ikiwa moto, ndo wenye maana, na kukiwa na baridi tairi haipandi sana kwa hiyo ukianza chini unabaki chini, tairi inakuwa legelege, pikipiki inaingia kona kama inafikiria kwanza. Na hiyo pia kweli. Kama mtengenezaji ana karatasi ya upepo wa treki kwa tairi yako fuata hiyo, mjadala umeisha. Kama huna, kwa tairi za spoti za barabarani wengi wanaanzia psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 30 mpaka 32 mbele na 28 mpaka 30 nyuma, ikiwa baridi, na kwenye siku kama hizi mi naanzia upande wa juu wa hapo halafu naiacha geji iniambie.

Maana geji ni kipimajoto, watu wengi hawajui. Hewa iliyofungwa ndani ya tairi ikipanda joto kama digrii 6 hivi, upepo unapanda psi 1. Kwa hiyo umetoka na 31 kukiwa na digrii 8, umemaliza zamu nzima umerudi, hujavua hata helmeti umepima, unakuta 33. Psi 2, digrii 12. Ina maana baada ya dakika 20 za jasho hewa ya ndani ya tairi yako iko digrii 20 tu, joto la chumbani! Hapo usijidanganye kwamba umepasha chochote. Shusha psi 1, nenda tena, pima tena ukirudi. Ikianza kupanda psi 4 au 5 hapo sawa, tairi inafanya kazi. Wale wenye vile vipimajoto vya mwanga unavyoelekeza kama bastola, vinasoma ngozi ya juu peke yake, ngozi inapoa kabla hujasimama vizuri, mi sivitegemei.

Kosa moja zaidi, hili nimelifanya kwa mikono yangu. Usipime upepo ndani ya gereji yenye joto halafu utoke ukaingia treki. Psi 32 uliyoweka kwenye digrii 20 ukiitoa nje kwenye digrii 5 inakuwa kama 29 na nusu, na hujafungua hata valvu. Pikipiki ikae nje nusu saa ndo upime, na isiwe tairi moja inapigwa jua nyingine iko kivulini.

Na tumia geji moja siku nzima. Hata kama inadanganya, itadanganya kwa kiasi kilekile.

Kaka Fundi, nimenunua blanketi za tairi, nina Bridgestone S22. Nizipashe digrii 80 kama wanavyofanya kwenye mbio? – Blanketi Mpya

Hapana. Hizo S22 hazihitaji, zimetengenezwa ziamke zenyewe, na kuna watengenezaji wanasema wazi usiweke blanketi kwenye tairi zao za barabarani. Blanketi zako zihifadhi mpaka siku utakapofunga tairi za treki.

Ila kwa vile umezileta nisemee kitu ambacho wauzaji hawasemi. Blanketi inakupa joto la kuanzia tu, kulitunza ni juu yako. Mtu anatoka piti na tairi ina digrii 80, raundi ya kwanza anajisikia mfalme, anasema kumbe baridi siyo tatizo, raundi ya pili safi, na kumbe kila raundi tairi inapoteza joto zaidi ya anavyoliongeza kwa sababu upepo ni wa digrii 5 na yeye mwendo wake ni wa kawaida. Raundi ya nne au ya tano tairi imeshatoka kwenye eneo lake la kazi, na yeye ndo kwanza amejiamini. Anaanguka kona ileile aliyoipita mara nne bila shida, na anarudi analaumu lami. Kwa hiyo swali ni lilelile, unaweza kuipasha? Kama huwezi kuipasha kwa kasi yako huwezi pia kuitunza.

Na foleni! Unavua blanketi, unavaa glavu, unapanda, unafika kwenye foleni ya kuingia, kuna mtu mbele kaanguka wanasafisha, dakika 7 umesimama kwenye upepo. Hapo ichukulie tairi kama haijawahi kupashwa.

Ndugu Fundi, nimeanguka mara mbili kwenye treki ileile, kona ileile ya kushoto, na mara zote mbili kulikuwa na baridi. Tairi zangu ni mpya na fundi wangu anasema zipo vizuri. Treki yenyewe inazunguka kulia karibu yote. Kuna nini? – Niliyelala Kushoto

Jibu umeliandika mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Bega la kulia la tairi yako linafanya kazi mzunguko mzima, bega la kushoto linapigwa upepo tu likisubiri zamu yake, na zamu ikifika unalilalia ghafla kwa mwendo wa mtu ambaye tairi yake ina moto. Una tairi yenye hali ya hewa mbili.

Usijione mzembe, hii inawaangusha wakubwa wa dunia. Treki ya Sachsenring kule Ujerumani ina kona 13, kumi za kushoto na tatu tu za kulia, na kona ya 11, ya kulia, inakuja baada ya mfululizo mrefu wa kushoto tena ikiwa inateremka kwa kasi. Madereva wa MotoGP, mbio kubwa kabisa za pikipiki duniani, wanaanguka pale mwaka baada ya mwaka, watu wenye wahandisi na blanketi na kila kitu. Valencia kule Uhispania nako kona ya 4, ya kulia, ina sifa hiyohiyo, na pale mbio zimezoeleka kuwa za mwisho wa msimu, mwezi wa Novemba, asubuhi kuna kibaridi. Phillip Island ya Australia, kona 12, saba kushoto tano kulia, na upepo unatoka baharini. Ndo maana Michelin, ambao wanaivisha MotoGP tangu 2016, wanapeleka kwenye treki za namna hiyo tairi zenye mabega mawili tofauti, upande unaofanya kazi sana raba ngumu, upande unaolala njaa raba laini inayoamka haraka.

Yako ya barabarani hata kama imeandikwa kompaundi mbili, maana yake ni katikati ngumu na mabega laini, kushoto na kulia sawasawa. Kwa hiyo dawa yako ni kichwa. Kabla ya zamu hesabu kona: kushoto ngapi, kulia ngapi, na ipi inakuja baada ya muda mrefu bila kulala upande huo. Hiyo moja ipe heshima yake siku nzima, siyo raundi za kwanza tu. Ingia taratibu kuliko kona za upande wa pili, maliza breki kabla hujalaza, usilaze kwa kutupa, laza kama unaweka mtoto aliyelala kitandani. Tairi zako kweli ni nzima, fundi wako hana kosa.

Fundi, kuyumba kushoto kulia kama magari ya mbio kabla ya kuanza kunapasha tairi? – Swali Fupi

Hakusaidii. Gari ina matairi manne na haianguki ikikosea. Pikipiki ukiiyumbisha polepole unachopata ni kuilaza juu ya bega baridi kwa hiari yako, joto hupati. Breki na mafuta ikiwa wima ndo vinapasha.

Habari Fundi. Nimetoka treki kwenye baridi nikakuta tairi ya nyuma imechanika chanika upande mmoja, kama imekwanguliwa kwa kisu butu. Ni Supercorsa SC, blanketi ninazo, mwendo wangu siyo mbaya. Nimeuziwa tairi mbovu? – Iliyokwanguliwa

Sidhani. Inavyoonekana ni ule mchaniko wa baridi. Ngozi ya juu imepata moto na inashika lami, lakini raba ya chini yake bado ngumu, haifuati, kwa hiyo ukifungua mafuta kutoka kona ngozi inavutwa nyuma na cha ndani kinabaki palepale, na inachanika katikati yao. Pitisha kidole taratibu juu yake. Ukikuta nyufa zimeingia ndani, kingo zake zimenyanyuka na ni kavu, mabonge mengine yamekatika kabisa, hiyo ni baridi. Mchaniko wa moto ni wa juujuu, raba inaonekana kama imeyeyuka na kujikunja, na mara nyingi ina kama rangi ya bluu kwa mbali.

Kabla ya kubadili chochote niambie blanketi zilikaa muda gani, maana dakika 20 zinapasha ngozi tu na zinakuacha kwenye hali hiyohiyo niliyoieleza. Zipe saa nzima. Kisha angalia upepo, ukiwa juu sana tairi haijikunji ndani haipati moto. Na shokapu: mafuta yake kwenye baridi yanakuwa mazito, zile kliki za skrubu ya kurekebisha ulizopanga kukiwa na joto leo ni ngumu kuliko unavyodhani, pikipiki inakalia tairi kama jiwe. Fungua kliki moja mbili, andika ulichofungua ili urudishe. Ukishafanya yote hayo bado inachanika, basi hiyo kompaundi na hali ya hewa hiyo havipatani, na mimi ningeshuka ngazi moja nikafunga Supercorsa SP, ile ya barabarani niliyoitaja juu, bila aibu yoyote.

Tairi yenyewe kama mabonge hayajakatika mpaka kwenye nyuzi utaendelea nayo, ikipata moto vizuri itajisawazisha. Kama unaona nyuzi, itoe leo.

Fundi, nina seti ya tairi za treki ziko stoo ya nje tangu msimu uliopita, huko usiku baridi inashuka chini ya sifuri. Hazijawahi kufungwa. Bado ni mpya? – Stoo

Mpya dukani, siyo mpya kwenye kalenda. Tafuta ubavuni namba nne mwisho wa yale maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kwa treki kwenye baridi mi tairi iliyozidi miaka mitano siifungi hata iwe na nywele zake zote, raba inakakamaa ikiwa imekaa tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo stoo. Kuna watengenezaji wanaonya tairi za mbio zisikae chini ya sifuri, kwa sababu kompaundi zile zikiganda zinaweza kupasuka ukizikunja au kuziangusha. Ziingize ndani taratibu, usizibinye wala kuzirusha, ziache siku nzima zipate joto la chumbani, halafu uzikague kwenye mwanga mzuri, hasa mizizi ya mistari na pale ubavu unapokutana na bega. Ukiona ufa, hata mwembamba kama uzi, hiyo tairi iwe bembea ya watoto.

Mzee Fundi, hili siyo la tairi lakini linahusu siku hiyohiyo. Waandaaji wanataka radieta iwe na maji matupu, wanakataza kulanti. Nitalala palepale treki na pikipiki kwenye trela. – Wa Trela

Wanakataza kwa sababu kulanti zenye glaikoli zikimwagika kwenye lami zinateleza na hazikauki haraka, wana haki. Lakini maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na hayaulizi kama hapo ni radieta au bloku ya injini. Kuna aina za kulanti zisizo na glaikoli, waulize kama wanazikubali, ila soma chupa vizuri maana nyingi zinazuia kutu na kupooza tu, kuganda hazizuii. Kama ni maji matupu, jioni ukimaliza zamu ya mwisho subiri injini ipoe, fungua bolti ya chini ya pampu ya maji, mwaga yote, na funga karatasi nyekundu kwenye usukani iliyoandikwa HAINA MAJI, kwa sababu asubuhi ukiwa na usingizi na vidole vimeganda utaiwasha.